Sukari ya Pengo na Siasa za Kibali

Januari 2024 Bodi ya Sukari Tanzania ilitangaza bei elekezi: kilo moja ya rejareja iuzwe kati ya shilingi 2,700 na 3,200, kutegemea mkoa. Tangazo lilipokuwa bado linasomwa redioni, madukani sukari ilikuwa inauzwa 4,000, kwingine 5,000, na kwingine haikuwapo kabisa. Mvua za El Niño zilikuwa zimeyajaza maji mashamba ya miwa tangu mwishoni mwa 2023. Lori haliingii shambani, muwa ukilowa hivyo unapoteza utamu, kiwanda kinasimama. Na Ramadhani ilikuwa Machi, mwezi ambao hata asiyekunywa chai ananunua sukari ya uji na ya kaimati.

Mtaani kwetu Mangi mwenye duka aliacha kuuza kilo nzima. Alifunga robo robo kwenye vifuko vya nailoni, akaviweka chini ya kaunta, na ili upewe ilibidi akujue. Watu walimwita mlanguzi. Lakini piga hesabu yake: kama kwa muuzaji wa jumla kilo moja imemfikia kwa 3,800, na kwenye karatasi ya Serikali anatakiwa auze 3,200, aidha avunje sheria hadharani au auze kwa kujificha. Bei elekezi haikushusha bei ya sukari. Iliihamisha sukari kutoka juu ya kaunta kwenda chini yake.

Mvua ni ya Mungu, hilo halina mjadala. Swali linaloanzia hapo ni jingine: kama ndani imepungua na nje ipo, kwa nini haikuingia mapema? Soko la dunia lilikuwa gumu wakati ule, ni kweli, hasa baada ya India kubana mauzo yake ya nje. Hata hivyo sukari ilikuwepo na wafanyabiashara wenye uwezo wa kuileta walikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi. Kwa utaratibu uliokuwepo, sukari ya kuziba pengo la uzalishaji waliruhusiwa kuiagiza wenye viwanda wenyewe, yaani walewale ambao sukari hiyo ikiingia kwa wingi inawaharibia bei. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alisema wenye viwanda walipewa vibali na hawakuleta kiasi kilichotakiwa kwa wakati, ndiyo maana Wizara ikatoa vibali kwa kampuni nyingine. Wenye viwanda wakakataa kubebeshwa lawama. Juni 2024 Luhaga Mpina, wakati huo mbunge wa Kisesa, akamtuhumu Waziri kwamba vibali hivyo vilitolewa kinyume cha utaratibu na kwamba amelidanganya Bunge. Mwisho wa yote aliyetoka nje ni Mpina, kwa kusimamishwa vikao 15.

Wengi walilifuata sakata lile kama mchezo wa Simba na Yanga: uko upande wa Bashe au wa Mpina? Mimi lilinivutia kwa sababu nyingine. Pande zote zilikuwa zinagombana juu ya nani apewe kibali. Hakuna aliyesimama kuuliza kwa nini kibali chenyewe kiwepo.

Mjadala wetu wa biashara huwa unapangwa kwa timu mbili. Timu ya kwanza inasema tulinde viwanda vya ndani, tuache kuwa jalala la bidhaa za wenzetu. Ya pili inasema soko liachwe huru, mlaji apate bei nafuu. Timu zote zina hoja za kweli, na nitazifikia. Ila zote mbili hufumba macho mbele ya jambo moja ambalo kwenye sukari liko wazi kuliko kwenye bidhaa nyingine yoyote ninayoijua: namna ya kulinda ina uzito kuliko kulinda au kutolinda. Nchi inaweza kukilinda kiwanda kwa ushuru au kwa kibali. Kwa mlaji vinafanana, kwa sababu vyote vinapandisha bei. Kwa taifa tofauti yake ni kubwa mno.

Chukua mfano wa kubuni wenye hesabu nyepesi. Tuseme sukari kutoka nje inafika bandarini kwa gharama ya shilingi 2,000 kwa kilo, na bei ya ndani ni 3,000. Kuna shilingi 1,000 hapo katikati. Ukiweka ushuru wa 1,000 na ukamruhusu yeyote kuagiza, ile 1,000 inakwenda Hazina. Inakuwa ya shule, barabara, dawa, au hata ya kuibiwa, lakini angalau imeingia kwenye vitabu na Mkaguzi Mkuu anaweza kuiulizia. Ukiweka kibali badala ya ushuru, ile 1,000 inabaki kwa mwenye kibali. Tani 10,000 ni kilo milioni 10, kwa hiyo kibali kimoja cha kiasi hicho kina shilingi bilioni 10 ndani yake. Aliyekipata hakulima, hakusaga, hakubuni chochote. Ameandikiwa.

Sasa jiulize mfanyabiashara mwenye akili timamu atatumia kiasi gani kukipata. Mwaka 1974 mchumi Anne Krueger aliandika kuhusu hali hii alipochunguza leseni za uagizaji za India na Uturuki. Alionyesha kwamba hasara ya nchi haiishii kwenye bei kubwa anayolipa mlaji. Inaongezeka pale watu wenye uwezo wanapoacha kuzalisha na kuhamishia nguvu zao kwenye kufukuzia leseni. Sisi hatukuhitaji kusoma makala yake. Tuliishi humo.

Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sabuni, unga na sukari, maduka ya ushirika yenye rafu tupu, na kampuni za biashara za mikoa, zile RTC, ambako kilichohitajika ni kumjua meneja. Nchi ilikuwa imefungwa kwa nia njema kabisa. Mkakati wa viwanda vya msingi ulikuwepo, viwanda vya nguo na matairi vilikuwepo, ila fedha za kigeni zilipokauka baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda, spea na malighafi navyo vikakauka, na viwanda vilivyolindwa dhidi ya kila mshindani vikashindwa kuzalisha hata cha kuuza. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Watu walitupa mizigo mitoni na porini wasikutwe nayo. Bidhaa hazikuongezeka. Zilianza kuonekana pale bajeti ya 1984 iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bila kuulizwa amezipata wapi, na baada ya Mzee Mwinyi kuingia Ikulu 1985 ndipo neno ruksa likawa jina lake.

Wapenzi wa soko huria huishia hapo, kama vile hadithi imekwisha na wao wameshinda. Haijaisha. Milango ilipofunguka viwanda vingi vya nguo vilikufa, na vilivyobaki vikabinafsishwa kwa mwendo wa kusuasua. Mji kama Morogoro ulipoteza ajira ambazo duka la mitumba haliwezi kuzirudisha. Anayesema hiyo ni gharama ya lazima ya mabadiliko mara nyingi si yeye aliyeilipa.

Na kwenye sukari, timu ya kulinda ina hoja ambayo haipewi uzito wake. Ile bei ya dunia tunayoambiwa ni ya soko, ni ya soko gani? Sukari ni miongoni mwa mazao yaliyochezewa kuliko mengine yote duniani. Marekani, mhubiri mkuu wa soko huria kwa miaka mingi, ina mfumo wa kugawa mgawo wa sukari ya kuingia kwa ushuru mdogo huku ya ziada ikitozwa ushuru mzito. Matokeo yake kwa miaka mingi bei ya huko imekuwa juu sana kuliko ya dunia, wakati mwingine karibu mara mbili. Wakulima wa miwa wa Florida na wa viazisukari wa Minnesota wanashukuru. Watengenezaji wa pipi hawashukuru: mwanzoni mwa miaka ya 2000 pipi za Life Savers zilihamishwa kutoka mji wa Holland, Michigan, kwenda Montreal, Kanada, ambako sukari ni rahisi. Ulaya nayo kwa miongo kadhaa iliwalipa wakulima wake wa viazisukari bei ya juu, kisha ikaimwaga ziada kwenye soko la dunia kwa ruzuku, hadi Brazil, Australia na Thailand zilipoishtaki na kuishinda katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2005. India inatoa ruzuku mwaka huu na kuzuia mauzo mwaka ujao, kutegemea uchaguzi na mvua.

Kwa hiyo mkulima wa Kilombero akiambiwa ashindane, si haki kumwambia anashindana na mkulima mwenzake tu. Anashindana pia na hazina za nchi tajiri kuliko yake. Kumwekea kinga ya namna fulani ni sawa. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ushuru wa pamoja wa asilimia 100 kwa sukari ya kutoka nje ya Jumuiya, na mimi si miongoni mwa wanaoona ushuru huo ni kichaa. Ni mkubwa, ndiyo. Ila ushuru wenyewe karibu kila mwaka unalegezwa kwa maombi maalumu ya nchi moja moja: Tanzania inaomba kutoza pungufu kwa sukari ya pengo, na viwanda vya soda na biskuti vinapewa nafuu ya sukari ya viwandani. Tunaingia tena kwenye suala lilelile la nani amepewa nafuu, kiasi gani, na nani alisaini.

Ile sukari ya viwandani imetuletea vituko vyake. Inaingia kwa ushuru mdogo kwa sababu hatuizalishi, halafu inavuja kwenda sokoni ikiwa kwenye viroba vya kawaida. Serikali ikaja na dawa: mwagizaji aweke asilimia 15 ya ziada, atarudishiwa akithibitisha kwamba aliitumia kiwandani. Waliothibitisha wakasubiri marejesho kwa miaka, mtaji umelala Hazina. Mwaka 2018 tukagombana na Kenya: pipi na juisi zao tulizitoza ushuru kwa hoja kwamba zimetengenezwa kwa sukari iliyoingia Mombasa kwa msamaha, kana kwamba za kwetu zilitengenezwa kwa asali.

Anayetaka kuona ulinzi usio na mwisho unaishia wapi, na atazame Kenya magharibi. Kenya imo katika eneo huru la biashara la COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, tangu 2000, ambako nchi kama Malawi na Zambia zinazalisha sukari kwa karibu nusu ya gharama yake. Huko miwa mingi inamwagiliwa na kukomaa ndani ya mwaka mmoja. Kakamega, Bungoma na Kisumu inategemea mvua na inakaa shambani miezi 18 au zaidi. Kenya ikaomba kinga ya muda, ikapewa: nchi za COMESA zilete kiasi fulani tu bila ushuru. Masharti yalikuwa ya maana. Viwanda vya Serikali vibinafsishwe, mkulima alipwe kwa utamu wa muwa badala ya uzito, mbegu zinazokomaa haraka zitafutwe. Kinga ya muda ikaongezewa muda, ikaongezewa tena, na tena, hadi ikapita miaka ishirini. Muwa umeendelea kulipwa kwa uzito, jambo linalomfanya mkulima asiwe na sababu yoyote ya kutafuta mbegu bora. Viwanda vinne vya Serikali, Nzoia, Chemelil, Sony na Muhoroni, vilikuja kukodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 2025.

Mumias, kiwanda kingine cha hukohuko, inasikitisha kuliko vyote. Ilianza kusaga 1973, ikawa fahari ya nchi, ikauza hisa Soko la Nairobi 2001, ikazalisha hadi umeme wa mabaki ya miwa. Kufikia Septemba 2019 benki iliyokuwa inaidai ilimweka msimamizi wa mufilisi. Haikuuawa na sukari ya Malawi, maana Malawi ilikuwa imezuiwa. Uongozi mbovu, madeni, ugomvi wa kugombania miwa na viwanda jirani, na wakulima waliochoka kukopwa wakang'oa miwa wakapanda mahindi, hayo ndiyo yaliyoiangusha, yote yakitokea nyuma ya ukuta uliojengwa kuilinda.

Na ukuta wenyewe ulikuwa na geti. Mwaka 2017, ukame ukiwa mkali na uchaguzi ukikaribia, Serikali ya Kenya ilifungua dirisha la kuagiza sukari bila ushuru. Nchi iliyokuwa ikiagiza tani laki tatu na ushee kwa mwaka ikaingiza karibu tani milioni moja, inayokaribia matumizi yake yote ya mwaka mzima. Mwaka uliofuata ukaanza msako wa sukari ya magendo, mawaziri wakapingana hadharani kama ina zebaki au haina, na ripoti ya uchunguzi ikaangushwa Bungeni huku kukiwa na tuhuma kwamba wabunge wamehongwa. Mkulima wa Bungoma aliyeambiwa kwa miaka kumi na saba kwamba kinga ni kwa ajili yake, alikuta sukari ya Brazil imeshamtangulia sokoni. Ulinzi wa kibali ndivyo ulivyo: aliyekufungia ndiye anayeweza kufungua siku yoyote, kwa ajili ya mtu yeyote. Ushuru ulioandikwa kwenye sheria angalau haubadiliki usiku mmoja.

Kwa hiyo ulinzi hauwezi kufanya kazi? Unaweza, na mifano ipo. Korea Kusini ya Park Chung-hee ilifunga soko lake kwa bidhaa nyingi za nje, lakini kila aliyelindwa alipewa lengo la kuuza nje, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 Rais mwenyewe alikaa kwenye kikao cha kila mwezi kusikiliza nani amefikia na nani hajafikia. Ukishindwa, mkopo nafuu unakatwa. Gari la Hyundai Pony lilianza kuuzwa nje mwaka 1976, Ecuador, likiwa bado la kubahatisha, kwa sababu soko la ndani peke yake halikuhesabiwa kuwa ushindi. Kampuni ilifungiwa mlango wa nyuma na ikasukumwa kwenye mlango wa mbele. (Ule ulikuwa utawala wa kijeshi, na wafanyakazi waliolipia miujiza ile hawakuulizwa. Sitaki aisifie mtu Korea nusu nusu.)

Mfano wa karibu zaidi na sukari ni Mauritius. Kuanzia 1975, kupitia mkataba wa Lomé, ilipewa na Ulaya mgawo mkubwa wa sukari kwa bei ya juu. Ni upendeleo mtupu. Lakini waliitoza kodi sukari ile, wakakuza ukanda wa viwanda vya nguo vya kuuza nje, na mtaji wa mashamba ya miwa nao ukahamia kwenye nguo na hoteli. Ulaya ilipokata bei yake kwa asilimia 36 kati ya 2006 na 2009, Mauritius iliumia, ikafunga viwanda vingi vya kusaga, ikageukia sukari maalumu yenye thamani kubwa. Haikufa. Na matunda yake tunayaonja hapa kwetu: mwaka 2000 mtaji wa Mauritius na Réunion ulinunua sehemu kubwa ya TPC, Arusha Chini, kiwanda kilichokuwa kinazalisha chini ya tani 40,000. Sasa kinavuka 100,000, kwa umwagiliaji, na mavuno yake kwa hekta yanatajwa miongoni mwa makubwa duniani. TPC iko chini ya sheria ileile ya sukari na ushuru uleule na wenzake. Ukuta haukuifanya ilale wala haukuifanya ikimbie. Kilichoifanya ikimbie ni wamiliki waliokwishajifunza kwao kwamba upendeleo una siku yake ya mwisho.

Siku ya mwisho ndiyo hatujawahi kuiandika. Februari 2016 Rais Magufuli alipiga marufuku uagizaji wa sukari bila idhini yake, ili kulinda viwanda. Nia ilieleweka, maana sukari ya magendo ilikuwa imezagaa. Miezi michache baadaye sukari iliadimika, bei elekezi ya 1,800 ikabaki kwenye karatasi, vyombo vya dola vikatumwa kwenye maghala kutafuta waliohodhi, na hatimaye Serikali yenyewe ikaagiza nje. Miaka minane mbele, 2024, tukarudia darasa lilelile kwa mwalimu mwingine. Safari hii sheria ikabadilishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, aweze kununua, kuagiza na kuhifadhi sukari. Wenye viwanda walipinga kwa nguvu. Wanasema sukari ya akiba ikimwagwa sokoni wakati wao wana ghala zilizojaa, mkulima wa nje, yaani mwananchi anayelima miwa nje ya shamba la kiwanda, ndiye atakayekosa pa kupeleka miwa yake.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Akiba ya miezi miwili mitatu ya kuvusha kipindi cha masika na Ramadhani ni jambo la busara, na ningeiunga mkono kesho. Lakini wakala wa Serikali mwenye haki ya kuagiza ni mwenye kibali mwingine, tena mkubwa kuliko wote, na uamuzi wa lini afungue ghala utafanywa na mtu anayetazama kalenda ya uchaguzi. Tumemtoa fisi buchani tukamkabidhi funguo mjomba wake.

Ningefanya nini mimi? Ningefuta kibali cha sukari ya pengo. Yeyote mwenye leseni ya biashara, akilipa ushuru, alete. Ushuru uwe mkubwa sasa, tuseme unaotosha kumlinda mzalishaji wa kiwango cha TPC lakini si mzembe, na sheria iandike utashuka kwa kiasi gani kila mwaka kwa miaka kumi, ili mwenye kiwanda apange mitambo yake na mwenye benki ajue anakopesha nini. Kama lazima kiasi kidhibitiwe, basi migawo ipigwe mnada wa wazi, matokeo yatangazwe gazetini, fedha ziende Hazina. Sehemu yake irudi Kilombero na Mtibwa kwa umwagiliaji wa wakulima wa nje. Hao ndio wanaotajwa kila kinga inapoombwa, na ndio ambao msimu baada ya msimu huona miwa yao ikikauka shambani kwa sababu kiwanda hakina nafasi ya kuisaga, au wakifika mizanini wanaambiwa utamu wa muwa ni mdogo na hawana chombo chao cha kupimia.

Nitajibiwa kwamba ushuru utakwepwa: thamani itapunguzwa kwenye nyaraka, mzigo utaandikwa unapita kwenda Congo na utashushwa Mbeya. Ni kweli utakwepwa. Lakini na vibali vinakwepwa leo, na mkwepaji wa ushuru angalau ana hofu, wakati mwenye kibali ana barua. Nitajibiwa pia kwamba wawekezaji waliweka mamia ya mabilioni ya shilingi kwenye upanuzi wa Kilombero, na Bakhresa akaanzisha shamba Bagamoyo, na kiwanda cha Mkulazi kikajengwa, kwa sababu waliamini soko limelindwa. Hilo nalikubali bila kinyongo. Ulinzi umezaa uzalishaji, na tani zinaongezeka. Ndiyo sababu hasa ya kuanza kupanga ngazi ya kushukia sasa, wakati viwanda vina nguvu, kuliko kusubiri hadi viwe Mumias.

Kisiasa itakuwa kazi ngumu, na sijidanganyi. Familia inayotumia kilo moja kwa wiki, bei ikizidi kwa 1,000, inapoteza 52,000 kwa mwaka. Inauma, hasa kwa mama anayeuza maandazi na uji ambaye kilo moja kwake ni ya siku, si ya wiki. Lakini haiumi kiasi cha kufunga safari kwenda Dodoma. Kwa mwenye kibali, mabilioni yake yanatosha nauli, hoteli na mawakili. Upande mmoja una watu zaidi ya milioni 60 wasiojuana, upande wa pili una kampuni zinazokaa meza moja na zina chama chao. Mbunge anayetoka jimbo lenye kiwanda ana watu wa kumpigia simu. Mbunge wa jimbo la wanywaji chai hana.

Na uzalishaji ukiendelea kupanda, siku si nyingi tutazungumza ziada badala ya pengo. Hapo tutahitaji masoko ya jirani, na jirani wana kumbukumbu. Uganda ina ziada ya sukari kwa miaka mingi sasa, na imelalamika mara kwa mara kwamba Kenya na Tanzania zinaizuia mipakani kwa madai kwamba ni ya kutoka nje ya Jumuiya, imefungashwa upya tu. Lori la kwanza la Kilombero litakapofika Mutukula kwenda upande wa pili, ofisa wa Uganda atakuwa na haki zote za kumuuliza dereva wetu swali lilelile, kisha amwambie asubiri pembeni hadi kibali kitoke Kampala.